Muulize Fundi: Nani kasema maji hayapandi mlima?

Mwezi huu ni maji tu, tena ya milimani, maana barua zimejaa kutoka Lushoto, Bumbuli, Amani, hadi wa Korogwe walioanza kujenga juu vilimani kukimbia joto. Wa bondeni msinune, zamu yenu itafika. Naanza na ya huyu kijana na nitakaa nayo sana, kwa sababu akielewa mmoja basi wengi wamejibiwa humohumo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nafanya kazi Tanga mjini ila nyumba ya mama ipo mlimani juu ya Soni. Bondeni kuna chemchemi, haijawahi kukauka tangu nazaliwa, na tangu nazaliwa mama anapanda na ndoo kichwani. Mwaka huu nikasema basi, nikanunua pampu ya hp 1, kibati chake kimeandikwa H max mita 50 na Q max lita 50 kwa dakika. Nikachukua na mpira mweusi wa robo tatu ya inchi, mita 250. Simu yangu inasema kutoka chemchemi hadi nyumbani ni kupanda mita 38 kwahiyo nikajua 50 inatosha na chenji inabaki. Fundi wa kijijini akaiweka pampu kwenye kibanda mita 6 juu ya maji isije ikalowa. Umeme tumeuvuta kutoka nyumbani. Siku ya kwanza maji yalifika ila kama mkojo wa mtoto, nusu saa ndoo mbili. Siku ya pili yakakata, pampu inaunguruma tu. Aliyeniuzia anasema nirudi nichukue ya hp 2. Nichukue? Kijana wa Soni.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, mama msalimie sana. Usichukue. Ukichukua ya hp 2 ukaifunga palepale, kwa mpira uleule na waya uleule, utakuwa umenunua muungurumo mkubwa zaidi.

Twende polepole. Kibati kwanza. Ile H max 50 maana yake ni kwamba ukisimamisha bomba wima mita 50 juu, maji yatafika hapo yasimame, hayatoki hata tone. Na Q max lita 50 maana yake ni pampu ikisukuma bila mlima wowote, bomba limelala chini, ndo inatoa hizo lita. Hizo namba mbili hazikutani hata siku moja, ni kama mtu akwambie gari hili linabeba tani 3 na linakimbia 140, kweli lakini si kwa pamoja. Kati ya hizo mbili kuna mstari, unachorwa kwenye karatasi inayokuja na boksi la pampu, na hiyo karatasi ndo ya kuisoma dukani kabla hujatoa hela. Watu wengi wanaitupa na boksi.

Sasa mlima. Simu kwenye mwinuko inadanganya, inaweza kukosea mita 10, 20, hata zaidi ukiwa bondeni kwenye miti. Pima kwa mkono. Kuna mpira wa levo, ule mpira mwembamba wa kuonesha ambao mafundi ujenzi wanautia maji kupata usawa wa msingi. Shika mpira na fito ya mita 2, wawili mnapanda hatua kwa hatua kutoka kwenye maji, kila usawa ukifika kichwa cha fito mnahesabu mita 2, mnahama. Ni kazi ya asubuhi moja na jasho kidogo. Nina wasiwasi utakuta 45 au zaidi sio 38, lakini tuchukulie 45 tupigie hesabu.

Mlima peke yake 45, pampu yako mwisho wake 50. Umebaki na mita 5 za kusukumia maji ndani ya mpira wa mita 250, na hapo ndo penye ugonjwa. Maji yakipita ndani ya bomba yanajikwaruza ukutani na huo mkwaruzo pampu inaulipia kama vile mlima umeongezeka. Kwa lita 1,000 kwa saa, mpira wa robo tatu unakula karibu mita 5 na nusu kwa kila mita 100, kwahiyo kwa 250 zako ni kama mita 14. Jumlisha 45 na 14 unapata 59. Pampu mwisho 50. Unaona? Ndo maana yanafika matone, mwendo ule wa kinyonge ndo pekee ambao mita 5 zilizobaki zinaweza kuulipia. Ungetaka lita 2,000 kwa saa kwenye mpira huohuo, mkwaruzo peke yake ungefika kama mita 50, yani umejijengea mlima wa pili ndani ya bomba, na hiyo hp 2 unayouziwa ingekufa ikiupanda huo.

Badilisha uweke inchi moja. Kwa lita zilezile 1,000 kwa saa, mita 250 za inchi moja zinakula kama mita 4 tu. Nne badala ya kumi na nne. Watu wanabana hela kwenye bomba wanaimwaga kwenye pampu, wakati bomba zuri unalinunua mara moja na pampu inakuja na kuondoka. Tena uliza presha ya bomba: lililoandikwa PN6 linabeba mita 60 za maji, PN10 linabeba 100. Wewe chini kule karibu na pampu weka PN10.

Kwanini siku ya pili yakakata kabisa? Mita 6 za kibanda. Pampu iliyokaa juu ya maji haivuti maji kama tunavyosema, inatoa hewa kwenye bomba halafu hewa ya nje ndo inayasukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hapa Raskazone mfano, hewa ina nguvu ya kuyapandisha mita 10 na kidogo, kwa kitabu. Kwa vitendo ni 7. Ukipanda huko milimani hewa ni nyepesi, Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, pale hata kwa kitabu haifiki 9, na ukitoa mikwaruzo na viungio vinavyovuta hewa unabaki na 5 hivi. Soni ni chini kidogo ya Lushoto ila sio kwa kukuokoa. Siku ya kwanza bomba la kuvutia lilikuwa limejazwa maji likabahatisha, usiku futi valvu, ile valvu ya mwisho wa bomba ndani ya maji inayozuia maji yasirudi, ikavuja, maji yakarudi chini, asubuhi pampu inazungusha hewa. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi maji yako ndo yamefanya hivyohivyo.

Kwahiyo pampu ishuke iende kwenye maji. Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza jenga chemba chini ya mdomo wa chemchemi, ya tofali na zege, mita 1 kwa 1 na kina cha mita 1 na nusu hivi, maji yaingie yenyewe, pampu ikae pembeni usawa wa chini ya maji kwenye kibanda chake kilichojengwa vizuri mafuriko yasiifikie, hapo haivuti, inaletewa. Ya pili, mi ndo naipenda, nunua pampu ya kuzama, ile ndefu nyembamba ya hatua nyingi, ilaze kwenye hiyo chemba. Unatafuta ambayo karatasi yake inasema ikifika mita 60 bado inatoa lita 1,000 kwa saa. Usiangalie hp, angalia mstari. Unaweza kushangaa ukaambiwa hiyo ni ndogo kuliko uliyonayo. Na swichi ya boya ndani ya chemba ni lazima, maji yakiisha ijizime, pampu ya kuzama ikizunguka bila maji haimalizi siku.

Waya. Umesema umeme umetoka nyumbani, mita 250 kushuka. Kama ni waya wa unene wa milimita mraba 1.5 basi pampu ya kula ampia 5 inapoteza volti kama 30 njiani, na pale inapotaka kuwaka, ambapo inakula mara kadhaa ya hizo ampia, ndo inabaki inaunguruma na kuchemka. Weka waya wa 4 upotevu unashuka hadi kama volti 12. Kwenye barua yako hukuutaja waya kabisa, nahisi hakuna aliyekuuliza.

Sasa niseme ambalo hujauliza. Nyumba ina watu wangapi? Tuseme watano na ng'ombe wawili wa maziwa. Hao wote hawamalizi lita 500 kwa siku wakijibana vizuri. Kwa pampu ya lita 1,000 kwa saa hiyo ni nusu saa tu ya kazi. Kwahiyo hutafuti pampu ya nguvu, unatafuta pampu ya mwendo wa taratibu na tanki kubwa juu. Lita 5,000 ni siku 10 za mama, umeme ukatike wiki nzima hana habari. Wazee wa Upare hapo jirani walilijua hili zamani, wana ndiva, bwawa dogo la kukinga mfereji usiku kucha maji yakiwa machache, asubuhi wanafungua mara moja mashamba yanapata. Chemchemi ndogo haina tatizo ikiwa kuna pa kuiwekea.

Na usijenge mnara. Tanga mjini tunajenga minara ya zege kwa sababu pametandazika kama meza, wewe Mungu amekupa mlima bure. Panda na mpira wa levo nyuma ya nyumba hadi mita 10 juu ya usawa wa nyumba, weka tanki hapo, kila mita 10 ni presha ya bar 1, na bar 1 inatosha bomba la jikoni, la choo na hata la kuogea. Ila tanki likikaa hizo mita 10 juu ya nyumba, pampu nayo inapandisha maji 10 zaidi, hesabu ya juu uirudie: 55 na 4, karibu 60, ndo maana nikakwambia utafute ya 60.

Msingi wa tanki sasa, na hapa najisema mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifunga tanki la lita 2,000 kwa ndugu mmoja huko Bumbuli, tukakata mlima kupata tambarare, udongo tuliokata tukaumwaga upande wa chini tukaushindilia kwa miguu tukaona pamepanuka, safi kabisa, tukapiga na picha. Masika ya kwanza upande wa chini ukazama, tanki likainama kama mlevi wa gongo, kiungio kikakatika, maji yote yakashukia shamba la mahindi la jirani. Nililipa mahindi. Lita 5,000 ni tani 5 mdogo wangu, zikae kwenye udongo uliokatwa sio uliojazwa, juu yake zege, na mfereji nyuma ya kukinga maji ya mvua yasipite chini ya msingi. Na tanki tupu lifunge kamba, upepo wa mlimani hauna adabu.

Kuhusu ruhusa, kuchota kwa ndoo hakuna wa kukuuliza, lakini pampu kwenye chemchemi ni jambo jingine. Maji kisheria ni ya umma tangu zamani, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, huko kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, mito ya Zigi na Umba yote iko chini yake. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwahiyo kabla hujamwaga zege ya chemba uliza. Anza na serikali ya kijiji. Na wale majirani wanaochota hapo waachie bomba la kuchotea kwenye chemba, kwenye karatasi ya mtu hutaliona hili ila bila hilo mpira wako utakuwa unakatwa panga kila mwezi.

SWALI: Fundi habari. Mi sihitaji pampu, chemchemi yetu ipo juu ya nyumba, maji yanashuka yenyewe. Mwaka jana yalikuwa yanakuja vizuri ila yanamwagika tanki likijaa, nikaona aibu, nikaweka boya la kujifunga tanki likijaa. Tangu hapo bomba limepasuka mara tatu, tena usiku. Kabla ya hapo halijawahi. Alafu tukishaziba maji yanachukua siku nzima kurudi. Baba wa mapacha, Mlalo.

JIBU: Kaka, boya halina kosa, limefichua kosa. Maji yakiwa yanatembea muda wote presha yake inaishia njiani kwenye mkwaruzo, chini huisikii. Usiku hakuna anayetumia, boya limefunga, maji yamesimama, sasa bomba linabeba mlima wote uliopo juu yake. Hujasema mwinuko, lakini kama chemchemi iko mita 90 juu ya tanki basi chini una bar 9, na mpira wa PN6 mwisho wake 6. Umepasuka kwa haki kabisa.

Dawa ni kuuvunja mlima vipande viwili. Katikati ya njia, mita 45 chini ya chemchemi, weka kitanki kidogo hata cha lita 500 kilicho wazi juu, na chenyewe kina boya. Maji yanaingia pale, presha inakufa, yanaanza upya safari ya 45 nyingine. Hakuna sehemu ya bomba inayozidi bar 4 na nusu. Watu wa miradi ya maji wanajenga hivyo vya zege kila mahali, ukipita njia ya mradi wowote wa maji ya mserereko huko Lushoto utaviona kama vikaburi vidogo pembeni ya njia.

Na lile la maji kuchukua siku nzima kurudi, hewa. Bomba lako bila shaka halishuki moja kwa moja, linashuka bondeni linapanda nundu linashuka tena. Likishaisha maji hewa inakaa kwenye nundu na maji yanasukumana nayo. Kwenye kila nundu piga T na koki ndogo juu yake, ukijaza bomba unazifungua kuanzia ya juu, ikitema hewa yote na kuanza kutoa maji unaifunga unashuka kwenye inayofuata. Kama kuna nundu iliyo juu kuliko chemchemi yenyewe, hapo hata T haisaidii, chimba uishushe au zungusha bomba. Mpira wa levo tena. Najua mnachoka kuusikia.

SWALI: Shikamoo fundi, mimi ni mwalimu huku Amani. Mvua hapa ni nyingi mno lakini bado tunashuka mtoni kuchota. Nyumba ina bati la kama mita 7 kwa 10. Je tanki la kukinga mvua linafaa au ni kupoteza hela? Na jirani yangu analo lakini maji yake yananuka na yana rangi ya chai.

JIBU: Marahaba mwalimu. Linafaa kuliko kitu chochote, na nyinyi wa Amani mngekuwa wa mwisho kulalamika maji. Hesabu yake hata darasa la tano wanaiweza: milimita 1 ya mvua ikidondoka kwenye mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Bati lako ni mita mraba 70. Amani inapata kama milimita 1,900 kwa mwaka, toa sehemu ya tano ya kurukaruka na kumwagika, bado una zaidi ya lita 100,000 zinazodondoka juu ya kichwa chako kila mwaka bure. Mtu wa Handeni akisoma hapa atalia.

Shida ya kwenu sio mvua ni rangi ya chai. Hiyo ni majani ya miti yaliyolowa kwenye gata, mmezungukwa na msitu. Kata matawi yanayoning'inia juu ya bati. Kabla maji hayajaingia kwenye tanki, weka bomba la inchi 4 lililosimama wima limezibwa chini kwa kizibo cha kufungua, hilo ndo linajaa kwanza na uchafu wa bati, likishajaa maji yanayofuata yanapita juu yake kwenda kwenye tanki. Mvua ikiisha unafungua kizibo unamwaga. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3 linakinga kama lita 24, kwa bati lako ni kidogo, weka mawili. Juu ya tanki wavu wa mbu, mdomo wa kutolea uwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki ili tope lisikufuate bombani, tanki liwe jeusi au limefunikwa jua lisiingie maana ukijani unaota kwa mwanga. Ya kunywa chemsha. Harufu ya jirani yako nadhani kuna kitu kimekufa humo, mwambie afungue aangalie, mi nilishatoa mjusi, popo, na siku moja ndala.

Gata iwe na mteremko kidogo, sentimita 1 kwa kila mita 2 inatosha. Mkishaacha kwenda mtoni mtupunguzie na sisi, maana mito ya huko inashuka Zigi hadi bwawa la Mabayani, na Tanga mjini hayo ndo tunayokunywa.

SWALI: Kaka fundi, sola inaweza kuvuta maji bila betri? Kwetu Magamba jua ni la kuomba.

JIBU: Inaweza dada, na betri usinunue. Jua likitoka pampu inazunguka, likijificha inalala, wewe kazi yako ni kuwa na tanki kubwa la kumeza siku za jua. Lita 1,000 kupandishwa mita 50 ni kazi ya kama nusu uniti ya umeme kwa pampu ndogo za kawaida, sio mzigo mkubwa. Kwa ukungu wa Magamba wa mwezi wa 6 na wa 7 ongeza paneli, zidisha mara mbili ya ulizoambiwa na muuzaji, paneli siku hizi zina nafuu kuliko betri, na tanki la siku 10 usilipunguze.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mzee wa miaka 74. Nikiwa kijana nilifanya kibarua shamba la chai, kulikuwa na chuma kimoja bondeni kinagonga tak, tak, tak, usiku na mchana, hakina injini wala mafuta wala umeme, na maji yanapanda hadi nyumba ya meneja juu. Vijana nikiwaambia wananicheka wanasema nimezeeka. Kile kilikuwa nini, na kinapatikana?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hujazeeka, wao ndo hawajaona. Kile kinaitwa ramu, pampu ya ramu, na ni kitu cha akili kuliko vyote nilivyovitaja leo. Mwingereza John Whitehurst alitengeneza ya kufungua kwa mkono mwaka 1772, halafu 1796 Mfaransa Joseph Montgolfier, mmoja wa wale ndugu wawili wa puto la hewa ya moto, akatengeneza ya kujigonga yenyewe.

Inafanya kazi hivi. Maji ya mto yanaporomoka kwenye bomba la chuma, yanatoka nje kwenye valvu, mwendo unaongezeka hadi unaikokota ile valvu inajifunga ghafla, tak. Maji yaliyokuwa mbioni yamegonga ukuta, presha inaruka, inafungua valvu ya pili na kusukuma maji kidogo kwenye chungu cha chuma chenye hewa, na hewa ile inayasukuma yapande mlima. Presha ikishuka valvu ya kwanza inadondoka, inafunguka, mwendo unaanza upya. Mara 40, 60 kwa dakika, miaka na miaka. Bomba la kuporomoshea lazima liwe chuma, ukiweka mpira unameza ule mshindo na hakuna kinachopanda, vijana wengi wamejaribu wakakata tamaa hapo.

Ubaya wake ni mlafi. Sehemu kubwa ya maji yanarudi mtoni. Mfano mto unakupa lita 60 kwa dakika na maporomoko ya mita 3, unataka yapande mita 60: utapata lita kama 2 kasoro kwa dakika, hizo 58 zinaendelea na safari yao. Wanacheka wakisikia lita 2. Lakini haijalala hata dakika moja mzee, kwa siku hiyo ni zaidi ya lita 2,500, nyumba tano zinaoga. Inahitaji tanki juu, bila tanki lita 2 kwa dakika ni kejeli.

Kinapatikana, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuunda kwa vipande vya bomba la chuma na valvu za dukani, nimeiona ikifanya kazi. Kitakachokusumbua ni mto, unahitaji maji mengi yanayoporomoka karibu na hapo. Mzee, kama kwenu kuna maporomoko, tuma kijana mmoja na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ahesabu ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, lakini aende mwezi wa 9 au wa 10 kabla ya vuli, sio sasa mvua inanyesha kila mto unajiona Pangani. Apime na maporomoko kwa mpira wa levo. Akishapata hizo namba mbili niandikie, nikuchoree ya ukubwa wako.